Upekuzi Nyumbani kwa Tamar Oldroyd

Jumatatu asubuhi Tamar Oldroyd alikuwa akichoma chapati za shayiri juu ya bamba la chuma, mlango ukiwa wazi ili moshi upate pa kutokea, ndipo hakimu akaingia bila kupiga hodi. Nyuma yake alikuwa Amos Sugden, fundi viatu wa kijijini ambaye mwaka ule ilikuwa zamu yake ya ukonstebo, na nyuma ya Amos askari wa koti jekundu, mtu wa kusini, aliyelowa mvua mpaka shingoni.

"Mama Jabez," Amos alisema, akavua kofia. "Tumekuja kupekua. Usinichukie."

"Futeni miguu kwanza," Tamar alisema.

Walifuta miguu. Hakimu, Bwana Garside, alisoma hati yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisoma katika nyumba nyingi za bonde lile. Hati ilisema kwamba ndani ya nyumba hii kimeliwa kiapo cha kuvunja mashine za kunyoa sufu, na kwamba maneno ya kiapo hicho yatafutwe popote yalipo, yatolewe na yapelekwe mjini kuwa ushahidi. Mtu ambaye kiapo chake kilipatikana alipandishwa meli kwenda upande wa pili wa dunia. Hadi siku ile hakuna aliyekuwa amerudi.

Jabez, mwanawe Tamar, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ngazi. Alikuwa mnyoaji sufu, kazi ya kukata nyuzi zilizosimama juu ya kitambaa, na kifundo cha mkono wake kilikuwa na nundu iliyoota kwa kunyanyua mkasi mkubwa, ingawa tangu mashine zifike mkasi wenyewe ulikuwa umetundikwa tu. Askari aliambiwa asimame mlangoni amwangalie.

Nyumba za bonde lile zilijengwa kwa mawe, na maneno yaliyosemwa ndani yake hayakuwa na pa kwenda. Mengi yalikuwa mepesi: habari za mvua, bei ya unga, nani amesinzia kanisani. Hayo yalifagiliwa nje Jumamosi pamoja na vumbi. Lakini neno lililosemwa kwa moyo wote lilizama, likaingia kwenye ufa wa ukuta au chini ya ubao, likakaa humo. Ukilitoa, lilijisema tena kwa sauti ya mwenyewe, na liliendelea kujisema mpaka ulifunike. Makonstebo walipewa ndoano nyembamba kwa kazi hiyo, na gunia la turubai lililoloweshwa maji ili sauti isipenye.

Kiapo kilikuwa ukutani kando ya ngazi, nyuma ya jiwe lililo usawa wa kifua cha mtu mzima. Tamar alikuwa amelala juu, macho wazi, wakati Jabez na wenzake walipoweka viganja vyao juu ya jiwe lile na kuapa. Tangu hapo jiwe lilikuwa na joto, na paka alihamia chini yake. Angeweza kukitoa mapema akakizike nyikani, lakini kiapo hakitoki kimya, na ukuta ule upande wake wa pili ulikuwa wa jirani.

Hakimu alitaka kuanzia juu. Yeye na Amos walipanda ngazi, na waliobaki chini wakasikia mbao zikibanduliwa.

Kwanza ilisikika sauti ya Seth, marehemu mumewe Tamar, ikisema, "Sogea huko, miguu yako ni barafu tupu." Askari alitabasamu, kisha akakumbuka kazi yake. Likafuata fungu la sala, likafuata jina la mtu ambalo Tamar hakulitambua, labda la wakazi wa zamani. Halafu sauti ya msichana ikasema, karibu kabisa na sakafu:

"Mama, ukinisuka usivute."

Phoebe, binti wa Tamar, alikuwa amekufa kwa moto majira ya kuchipua, katika kiwanda cha pamba kilichokuwa chini kule mtoni, yeye na wasichana wenzake wa zamu ya usiku. Tamar aliweka bakuli la uji wa chapati chini, akaenda hadi mwanzo wa ngazi.

"Amos. Hilo niachie."

Nyayo zilisimama.

"Yote yatapimwa mjini," hakimu alisema kule juu.

"Mheshimiwa, ni mtoto tu anasukwa nywele. Ni yule wa—"

"Gunia, Sugden."

"Mama, ukinisuka usi—" Mdomo wa gunia ukavutwa kamba.

Tamar alisimama pale kidogo, mkono juu ya ukuta. Kisha akatazama mlangoni. Askari alikuwa akikamua mkono wa koti lake huku akiangalia nje. Jabez alimtazama mama yake, akatikisa kichwa taratibu kumkataza. Tamar alimwaga uji wa shayiri kwenye bamba, mwingi kuliko kawaida, ukachemka kwa kelele na kutoa mvuke hadi darini, na ndani ya kelele ile akachomoa jiwe kwa kisu na kuingiza vidole.

Kiapo kilikuwa na ukubwa wa yai la njiwa na uzito wa risasi. Kilianza kusema papo hapo, kwa sauti za wanaume wanne kwa pamoja. Akakidondosha katikati ya bamba, akamimina uji juu yake, kikaendelea kusema chini ya uji ule unaochemka, na aliyekuwa mlangoni alisikia chapati tu.

"Unachoma kwa fujo, mama," askari alisema bila kugeuka.

"Bamba limezidi moto."

Alikigeuza. Kilipoiva kilinyamaza, akakiweka juu ya zile nyingine kwenye sahani. Jiwe alilirudisha kwa kiwiko, huku mikono ikijifuta kwenye aproni. Paka aliondoka.

Harufu ilimfikia askari. Akaja ndani hatua chache.

"Mama, sitaki kukusumbua, lakini sijatia kitu tumboni tangu jana."

"Chukua," Tamar alisema, akivuta zile za chini. "Hizi zimepoa."

"Mi napenda za moto. Nipe hiyo nene ya juu."

Kumnyima kungezua shaka, na kumpa kungekuwa mwisho. Tamar alikuwa bado ameshika sahani wakati Jabez alipoinuka kwenye kigoda, akaichukua ile nene, akaikunja na kuisukuma yote mdomoni.

"Mchoyo wewe," askari alisema, akajichukulia iliyopoa. "Si utaungua?"

Jabez alitafuna, machozi yakimtoka. Chapati ilishuka. Kiapo hakikushuka, kililala chini ya ulimi, kikianza tena kusogea. Alifunga mdomo, akaketi.

Hakimu alishuka akiwa na vumbi kwenye nywele za bandia. Akavuta kiti mbele ya Jabez.

"Jina lako."

Jabez alimtazama.

"Nimekuuliza jina lako."

"Ameungua ulimi, Mheshimiwa," askari alisema, naye mdomo umejaa. "Nimemwona kwa macho yangu. Ulafi."

Hakimu alimwamuru Amos aendelee na kuta. Amos alizigonga moja moja kwa shina la ndoano, akiweka sikio, mpaka akafika kando ya ngazi. Jiwe lilitoka kwa urahisi. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakiacha humo kwa muda kama mtu anayepima maji ya kumwogeshea mtoto. Joto lilikuwa bado lipo. Alimtazama Tamar, akamtazama na Jabez mashavu yake yalivyokaza.

"Nini hapo?" hakimu aliuliza.

"Palikuwa na panya, Mheshimiwa."

"Basi jiwe la meko."

"Hapo hapana kitu chenu," Tamar alisema. Ni hapo tu ndipo sauti yake ilipobadilika, na hakimu alilitambua hilo.

"Inueni."

Amos na askari walisukuma makaa pembeni, wakaliinua jiwe kwa mtalimbo. Ndoano ilipoingia tu, sauti ya mwanamume ikapanda kutoka kwenye udongo, nzito na ya chini chini.

"Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, Mama Phoebe. Niliwasikia wakigonga. Bwana mwenye kiwanda aliagiza zamu ya usiku ifungiwe kwa nje, wasitoroke kwenda kulala, na nisifungue bila idhini yake. Basi nikakimbia nyumbani kwake kuomba idhini. Niliporudi walikuwa hawagongi tena."

Halafu kulifuata kilio cha mtu asiyezoea kulia, kisha maneno yakaanza upya.

Sauti ile ilijulikana na kila aliyekuwamo humo isipokuwa askari. Ilikuwa ya Hinchliffe, msimamizi wa kiwanda, ambaye ndiye aliyeongoza nyimbo kanisani. Siku ya uchunguzi wa vifo alisema mbele ya Bwana Garside huyu huyu kwamba mlango ulikuwa wazi, na wasichana walipotea kwa sababu ya moshi. Iliandikwa hivyo, wakazikwa hivyo.

Jabez alikuwa hajapata kuyasikia maneno haya. Mama yake aliyanyamazia tangu wiki ya mazishi, kwa kuwa alijua mwanawe angemfanya nini Hinchliffe, na wakubwa wangemfanya nini mwanawe. Jabez alisimama. Taya yake ilianza kushuka, na kati ya meno yake ikatoka sauti ya watu wanne: "Sisi tu—"

Tamar alimwekea kiganja mdomoni, kiganja kilichojaa unga.

"Keti, mwanangu. Utatapika." Akamgeukia hakimu. "Ni dada yake huyo anayesemwa."

Chini ya kiganja alilisikia neno likigonga. Hakuondoa mkono. Sauti ya Hinchliffe ilikuwa imefika tena kwenye ufunguo.

Hakimu alisikiliza mpaka kilio, kichwa kimeinama.

"Ni nani huyo, Sugden?"

"Mheshimiwa unamjua."

"Nimekuuliza wewe."

"Bwana Hinchliffe."

Hakimu alifungua hati yake akaitazama kwa makini, ingawa ilikuwa fupi. "Hati hii inahusu kiapo," alisema. "Hicho si kiapo."

"Ulisema yote yatapimwa," Tamar alisema. "Umebeba hata la binti yangu, la nywele."

"Rudisha pale ulipoyatoa, Sugden. Na ushindilie udongo vizuri."

Amos aliyarudisha. Alishindilia kwa kisigino, kisha kwa ngumi, akiwa amepiga magoti, na alichukua muda mrefu kuinuka. Walipoondoka, askari alimshukuru Tamar kwa chapati.

Jabez aliondoka siku ile ile kabla giza halijaingia, akapitia nyikani, mdomo umefungwa. Baadaye ilisikika kwamba anavunja mawe kwenye machimbo upande wa pili wa milima, wanamwita Bubu, na wanampenda kwa kuwa hana ubishi. Magunia ya bonde lile yaliwekwa kwenye ghala la mahakama. Amos alipouliza habari ya neno la Phoebe, aliambiwa bado yanapimwa.

Majira ya kupukutika, Hinchliffe alikuja. Alipiga hodi, akafuta miguu bila kuambiwa.

"Nasikia neno langu bado lipo," alisema.

"Lipo."

"Naomba nilisikie."

Tamar alisukuma makaa, wakaliinua jiwe pamoja. Hinchliffe aliketi kwenye kigoda, kofia magotini, akajisikiliza tangu ufunguo mpaka kilio.

"Nilidhani nilisema kwa sauti ndogo zaidi," alisema.

"Ulisema hivyo hivyo unavyosikia."

Alitikisa kichwa kukubali. Nje mvua ilikuwa imeanza. Akasema kiwanda kipya kimeezekwa, mashine zinafungwa, na kwamba safari hii Bwana anapendelea wanawake watu wazima. Kama Tamar hana kipato sasa kijana ameondoka, nafasi ipo. Zamu ya usiku.

"Na mlango?" Tamar aliuliza.

"Utafungwa. Ndivyo alivyoagiza."

"Ufunguo atakaa nao nani?"

"Mimi," Hinchliffe alisema.

Tamar aliwaza juu ya pipa la unga lililokuwa tupu. Aliuliza kengele ya kuingia zamu inapigwa saa ngapi, naye akamwambia. Kisha, kwa kuwa jiwe lilikuwa zito kwa mwanamke mmoja, Hinchliffe alimsaidia kulirudisha mahali pake.