Makohozi ya Kuazima

Kila asubuhi wodi ya vifua ilianza kazi kabla ya wauguzi kuamka. Wanaume wazima waliinama ukingoni mwa vitanda, wakakohoa hadi mishipa ikawatoka shingoni, kila mmoja na kopo lake, na kilichotoka kiliteremka taratibu kama uji uliochacha. Wahudumu walimwaga dawa ya sakafu, lakini la kuvunda halina ubani. Fundi, mshona magodoro aliyekula vumbi la sufi maisha yake yote, alishazoea njaa, kunguni na matusi ya wateja. Harufu ya makopo yale ilimshinda.

"Habari njema, Fundi," alisema daktari, amesimama mbali na kitanda, barakoa hadi machoni. "Huna kifua kikuu."

"Mungu mkubwa! Basi nina nini, daktari?"

"Una jamaa yake. Kwa hadubini wadudu hawa wanafanana kama pacha, ila mashine ya utafiti wetu inawatenganisha. Wako wanaishi majini, hata kwenye mabomba. Kumbe mko wengi! Utafiti unakwenda vizuri sana."

"Na dawa?"

"Zipo, za kununua. Mfadhili analipia kifua kikuu tu. Na kitanda hiki pia ni cha kifua kikuu."

Fundi akacheka, maana kulia kungemkohoza. Kumbe hata ugonjwa una wenyewe, na yeye kaugua usio na mwenyewe! Nyumbani mkewe alishauza hadi cherehani. Kilichobaki cha kuuza ni mlango.

"Nipimeni tena. Mashine nayo hukosea."

Daktari akatazama saa. "Lete kohozi kesho. Lisipokuwa na kifua kikuu, unaondoka."

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Shemeji, dereva wa lori aliyepata jina hilo kwa kuwaita wauguzi wote shemeji. Alikuwa amemeza vidonge hadi mkojo wake ukageuka rangi ya machungwa, na bado mbavu zilihesabika.

"Usihangaike, ndugu yangu," akanong'ona. "Mimi kifua kikuu ninacho cha kutosha ukoo mzima. Lete kopo."

Alfajiri, nyuma ya choo, Shemeji akakohoa kwa ukarimu kama mtu anayempakulia mgeni. Kohozi likatoka zito, la kijani, likavutika uzi toka mdomoni hadi koponi, likakataa kukatika. Akalikata kwa kidole.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," alisema, akifuta kidole ukutani.

Fundi alihisi joto la kopo kiganjani. Alijichukia, akalichukia kopo, akaichukia hospitali inayomfanya mtu mzima aombe makohozi ya mwenzake ili atibiwe. Akafunika, akapeleka.

Siku ya majibu Shemeji alikuwa kwenye foleni ya dawa. Daktari alikuja na wenzake wawili, na kwa mara ya kwanza akasogea karibu.

"Ajabu! Si kifua kikuu, na tena ni aina nyingine kabisa. Mtu mmoja, aina mbili! Hili lazima tuliandike." Akampiga Fundi begani kama aliyefaulu mtihani. "Kitanda utatuachia mchana."

Kohozi lile lilikuwa la Shemeji; basi naye hana kifua kikuu. Akisema ukweli, Shemeji naye anatupwa nje leo leo. Akinyamaza, Shemeji atameza dawa za ugonjwa asiokuwa nao hadi azikwe nazo.

"Yule jirani yangu," akajaribu, "mmempima kwa mashine?"

"Yule ni wa zamani," daktari alijibu akiondoka. "Wa zamani hawamo kwenye utafiti."

Shemeji akarudi na vidonge kiganjani, akapitia bomba la pembeni mwa wodi. Likakoroma, likatema maji yenye kutu. Akajaza kikombe.

"Enhe! Kohozi langu limekupa kitanda?"

Fundi alikuwa akifunga nguo zake ndani ya shuka. Akainama asionekane macho. "Wamesema lilikuwa kidogo."

"Kidogo? Mimi?" Shemeji akachukia kweli. Akatupia vidonge vyote mdomoni, akavishushia maji ya bomba hadi tone la mwisho, kisha akaokota kopo tupu la Fundi, akalifungua, akaanza kukohoa.