Feruzi Watatu

Dada alikuwa akimpima mteja kiuno aliposikia mngurumo mzito, kama lori linalomwaga kokoto, ila huu haukukoma upesi. Kibanda chake cha ushonaji kikatikisika, mikasi ikadondoka kutoka mezani. Nje watu walianza kukimbia, wote kuelekea kona ya ghorofa jipya. Mteja akauliza kuna nini. Mdogo wake, fundi umeme, alikuwa ameingia kwenye jengo lile asubuhi na roli la waya begani, akimtania kwamba akizeeka atamwekea taa ya kutunga uzi. Dada alitoka mbio na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

Pale paliposimama ghorofa nne palikuwa na rundo. Sakafu zilikuwa zimelaliana kama nguo zilizokunjwa, nondo zimechomoza pembeni, na vumbi limefunika mtaa mzima hata jua halionekani vizuri. Askari walikuwa wameshazungusha kamba. Msimamizi wa ujenzi, mweupe kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu, alikuwa akiwaeleza waokoaji kwamba bahati ilikuwa saa ya kula na watu karibu wote walikuwa nje. Aliowakosa ni watatu.

“Majina yao?” mkuu wa waokoaji akauliza.

“Feruzi,” msimamizi akasema. “Wote watatu ni Feruzi.”

Haikuwa mzaha. Jina hilo zamani halikuwa la kila mtu, lakini alitokea winga mmoja wa timu ya taifa mwenye jina hilo, akafunga mabao yaliyowatoa watu vitandani, na kwa miaka kadhaa kila wodi ya wazazi ilikuwa na Feruzi wake. Kwenye ujenzi walikuwa wakitofautishwa kwa majina ya utani. Mdogo wake Dada aliitwa Feruzi Waya. Fundi wa kupiga lipu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa Feruzi Lipu. Na kibarua kijana aliyezaliwa enzi za yule winga walimwita Feruzi Goli.

Waliwekwa pamoja nyuma ya kamba, kwenye benchi lililotolewa dukani: Dada, mke wa fundi lipu, na baba wa yule kibarua, mchinjaji aliyekuja na aproni yake. Hakuna aliyejua akae vipi. Mchinjaji alikuwa akifuta mikono kwenye aproni, na kila akifuta anaitazama, kama vile damu ile ameiona leo. Mke wa fundi lipu yeye alikuwa akiongea mfululizo, maana akinyamaza meno yaligongana. Alisimulia jinsi mama mkwe wake alivyovishwa pete yenye kito cha feruzi, kile cha buluu inayoelekea kijani, na mtoto alipozaliwa akamwita kwa kile kito. Mpaka leo, alisema, mume wake akiulizwa jina lake maana yake nini hujibu, “Jiwe,” halafu hucheka peke yake.

Dada alisikiliza kwa sikio moja. Kwao jina lilikuja kwa njia nyingine. Mama yao alilipenda tu kwa namna linavyotamkika, na watoto shuleni walipoanza kumcheka mdogo wake, Dada akamwendea mwalimu wa historia kuuliza. Mwalimu alimweleza kwamba ni jina la Kiajemi, kwamba kwa Waajemi wa kale lilianza kwa P, Piruzi, nalo maana yake ni mshindi. Waarabu hawana P, wakalifanya Firuzi, na likasafiri hivyo mpaka likatufikia likiwa Feruzi. Dada alirudi nyumbani akamkalisha mdogo wake kitako, akamwambia wakikucheka waambie wewe ni mshindi. Basi ikawa ndiyo salamu yao. Akimuuliza jina maana yake nini, anajibu kwa kidevu juu, mshindi.

Lakini mwalimu alikuwa ameongeza jambo ambalo Dada hakulipeleka nyumbani. Kulikuwa na mfalme wa Uajemi mwenye jina hilo. Maadui walimchimbia handaki, wakalifunika, naye akaja na farasi wake na jeshi lake wakatumbukia wote. Mfalme Mshindi alifia shimoni. Sasa, kwenye lile benchi, hadithi hiyo ilimrudia.

Ndipo mwokoaji mmoja aliyekuwa juu ya rundo akanyoosha mkono, na kila mtu akanyamaza. Alikuwa amelaza sikio kwenye bomba la maji lililokatika. Kulikuwa na mtu humo ndani.

Mchinjaji alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mkuu wa waokoaji alipanda, akainama kwenye bomba, akauliza jina. Sauti ikasema, “Feruzi.” Akauliza Feruzi gani, Waya, Lipu au Goli. Sauti ikasema Feruzi. Akauliza yuko sehemu gani, anafanya kazi gani. Ikasema, “Fundi.” Halafu ikarudi tena kwenye lile jina.

Alishuka akawaeleza wale watatu bila kupamba maneno. Bomba lile lilikuwa limepita sakafu zote, kwa hiyo sauti ingeweza kuwa inatoka popote. Fundi umeme alikuwa kwenye chumba cha mita, chini kabisa. Fundi lipu alikuwa juu, sakafu ya tatu. Kibarua huenda alikuwa ngazini, naye angeweza kujiita fundi pia, vijana wanapenda. Walikuwa na jeki chache, na wangeweza kuanzia upande mmoja tu. Wakikosea, rundo lingeweza kushuka tena. Mtu aliyepigwa kichwani, alisema, hung’ang’ania kile alichojifunza kwanza kabisa, na huyu amebaki na jina lake tu.

Dada alisikia mdomo wake ukisema, “Basi tumuulize hilohilo jina.”

Walimvalisha kofia ngumu, wakampandisha kwa kumshika kwapa. Zege lilikuwa la moto. Kila lilipotoa mlio chini yake alifumba macho. Alipiga magoti, akaweka mdomo kwenye bomba, na harufu iliyotoka humo ilikuwa ya chokaa na kutu.

“Feruzi,” aliita. “Jina lako maana yake nini?”

Alisikia moyo wake mwenyewe ndani ya lile bomba. Akarudia, safari hii kwa sauti ya nyumbani, ile ya kumwamsha mtu aende shule. Alikuwa akiomba neno moja tu duniani.

“Jiwe,” sauti ikasema.

Mkuu wa waokoaji akamgusa bega. “Jiwe limemlalia,” akasema. “Maskini. Umeitambua sauti? Ni ndugu yako?”

Sauti haikuwa ya mtu yeyote, ilikuwa ya bomba. Aliyekuwa anajua lile neno lina maana gani, juu ya rundo lile, alikuwa yeye peke yake. Angesema ndiyo, jeki zote zingeenda chini, kwenye chumba cha mita. Angeitikia kwa kichwa tu, hata asiseme. Aliuona mkono wa mdogo wake ukitafuta gizani, na akajua kwamba akisema ukweli anawapeleka waokoaji mbali na ule mkono, labda mpaka jioni, labda ndiyo basi. Chini kule, nyuma ya kamba, mke wa fundi lipu alikuwa amesimama juu ya benchi, viganja vimeziba mdomo, akimtazama yeye.

“Siyo wangu,” Dada akasema. “Wangu angesema mshindi. Huyu ni wa lipu. Mkaanzie juu.”

Kisha akashuka, akarudi benchini.

Kazi ya kumtoa fundi lipu ilikula mchana wote. Walikata nondo, wakainua kwa jeki, wakatoa kifusi kwa ndoo, mkono kwa mkono. Dada alikaa pale benchini akijilaani kimoyomoyo, akiona kila ndoo kama imechotwa mahali pasipo pake. Fundi lipu alipotokeza, mweupe kama ukuta wake mwenyewe, watu walipiga makofi. Mke wake alimkumbatia Dada kwa nguvu mpaka utepe wa kupimia ukamkaba. Dada alisimama tu, mikono imelegea. Gari la wagonjwa lilipoondoka na wale wawili, alibaki na mchinjaji, na kwa mara ya kwanza mchinjaji akamshika mkono.

Giza lilikuwa linaanza kuingia walipofika chumba cha mita. Mlango wa chuma ulikuwa umeegemea ukuta na kuacha kijipembe, na katika kijipembe hicho alikuwemo mdogo wake, mguu mmoja umesagika, macho yakipepesa. Dada alipomwona hakulia. Alimfuta vumbi puani, akaendelea kumfuta hata pua ilipokuwa safi. Baadaye mkuu wa waokoaji alimwambia kwamba sakafu ya tatu ilikuwa imekaa juu ya kile chumba kwa kushikiliwa na nguzo moja iliyopasuka. Wangeanzia chini, ingewashukia mafundi wote wawili. Alisema hivyo kumpa moyo, lakini Dada aliwaza jinsi kichwa chake kilivyokaribia kuitikia.

Feruzi Goli walimpata kesho yake, ngazini. Alikuwa ameshakufa.

Dada alikwenda kuzika. Mchinjaji alimketisha pembeni akamuuliza, maana alisikia yeye ndiye anayejua, jina lile maana yake hasa ni nini. Yeye alimpa mtoto kwa sababu ya mpira tu. Dada alitamani ardhi immeze. Akamwambia kuna kito kizuri cha buluu kinachoitwa hivyo, watu hukivaa. Mchinjaji akaitikia kwa kichwa, akasema mama yake mtoto angefurahi kusikia.

Mdogo wake alitoka hospitali na magongo, lakini alikataa kukaa chini ya paa. Alikula uani, akalala uani, kwenye godoro lililosogezwa kando ya ukuta, na Dada akatandika lake karibu. Majirani walisema atazoea. Asubuhi moja mvua ilinyesha ghafla. Dada aliinuka akavuta magodoro, mdogo wake akabaki amesimama na magongo yake, maji yakimtiririka kidevuni, akiutazama mlango na paa juu yake. Dada naye akasimama, akalowa pamoja naye.

“Litaanguka?” mdogo wake akauliza.

“Sijui,” Dada akasema. “Na mimi naliogopa.”

Alimshika shati mgongoni. Gongo moja likavuka kizingiti.