Nifute, Bibi?

Mto Ruvuma ulipopanda mwezi wa nne, maji yaliingia nyumbani kwa mama, kijijini Mahurunga, mpaka usawa wa kitanda. Alitoka na mbuzi wawili, Kurani ya marehemu baba, na simu. Simu aliifunga kwenye kanga kifuani, lakini njiani maji yalimfika shingoni, kwa hiyo nayo ililowa.

Ndani ya simu ile ndimo ilimokuwa sauti ya baba. Siku mbili kabla hajafa, akiwa nyumbani kwangu Mtwara mjini, alisema mikorosho ya shamba la juu aliipanda pamoja na mama, na ibaki kwa mama. Alitaka tuandike na kuita mashahidi. Nikamwambia asijichoshe, sauti inatosha. Nikamrekodi kwa simu ya mama. Baba mdogo, Omari, alipoanza kudai mikorosho ni ya ukoo, aliwaambia wazee wa baraza la kijiji kwamba akimsikia kaka yake akisema hivyo, atanyamaza. Wakapanga siku. Mafuriko yakaja kwanza, wakasogeza mpaka Alhamisi.

Nilimpigia mama kupitia kwa jirani yake, Bi Halima. Nikasema asiiwashe simu, asimpe mtu, nitakwenda Jumamosi. Sikwenda. Ofisini kulikuwa na ukaguzi. Jumatatu mama akapanda gari la alfajiri, yeye na Bi Halima, simu ikiwa ndani ya mfuko pamoja na makopa. Alikuwa amesikia kwamba mchele unanyonya maji, na mchele wake ulikwenda na mto, basi akaona mihogo mikavu nayo itafaa.

Walishuka Chikongola, hapa mjini, na hawakupiga hata hatua ishirini. Vijana wa maduka ya simu wanamtambua mtu aliyetoka kijijini kwa jinsi anavyosimama. Mmoja, Baraka, aliwapokea mfuko, akawapa viti na maji baridi. Mama anasema aliitwa bibi mara nyingi kuliko anavyoitwa na wajukuu zake wote. Simu ikafunguliwa, ikapulizwa, ikawaka. Mama akashukuru. Hapo ndipo Baraka alipoanza: betri imevimba, itamlipukia kitandani, mwezi uliopita ilimlipukia bibi mmoja wa Newala. Bahati nzuri leo wanabadilishana, atoe hii achukue mpya ya kupangusa, mwisho adhuhuri. Bi Halima, aliyekwisha kunipigia, alisema wanisubiri. Baraka akasema wakisubiri, simu itachukuliwa na mteja mwingine, na papo hapo akamwita huyo mteja aje asimame karibu.

Nilipofika saa saba, mama alikuwa na boksi jipya mapajani. Akanipa simu nimtafutie sauti ya baba humo. Alidhani sauti inahama na laini.

Ile ya zamani niliikuta kwenye kabati la kioo, imeng'arishwa, inangoja kuuzwa. Betri yake iliyovimba ilikuwa humo humo, haikuwa imevimba hata kidogo. Nikaiwasha. Ikanikaribisha, ikaniuliza natumia lugha gani.

Baraka hakuficha kitu. "Dada, mimi siharibu mali ya mtu. Nilimuuliza, bibi, humu kuna vitu, nifute? Akasema futa."

Nikamgeukia mama.

"Kweli aliniuliza," mama akasema. "Nikamwambia futa, mwanangu, futa vizuri mpaka pembeni. Si ilikuwa na matope?"

Bi Halima alicheka, kisha akaniona uso, akaacha.

Ilibidi nimweleze mama. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, nimesimama, mbele za wateja. Hakulia. Aliomba arudishiwe makopa yake.

Nilikwenda kwa mafundi watatu. Wawili walisema hakuna kilichobaki. Wa tatu alitaka nimwachie wiki nzima, na huku ananionyesha simu nyingine, mpya, haiingii maji.

Mimi ni mtunza kumbukumbu. Nina stashahada ya kazi hiyo, na masijala yangu haitoi faili bila nakala. Sauti ya baba ilikaa miezi saba kwenye simu moja, na sikuinakili popote.

Alhamisi nilijitolea kuwa shahidi. Mwenyekiti akasema mtoto hamshuhudilii mama yake. Ndipo mama alipoomba aseme mwenyewe. Alikuwa akiisikiliza ile sauti kila siku baada ya swala ya alfajiri, akaisema yote tangu mwanzo. Baba alipokohoa, alikohoa. Baba alipopumzika, alipumzika. Baba alipotamka, "Omari, wewe ni mdogo wangu, usimsumbue Rukia," alisema vile vile, polepole. Baba mdogo aliinamisha kichwa mpaka alipomaliza.

"Hiyo ni sauti yako, shemeji," akasema. "Mimi niliomba ya kaka."

Hakusema kwa ukali. Wazee wakanong'onezana kidogo, mwenyekiti akaandika kwamba mikorosho inarudi kwenye ukoo, akamsogezea mama karatasi na kidau cha wino.

Nilimwambia asiweke kidole, tutakwenda wilayani.

"Tupeleke nini huko, Mama Nuru?" mama akaniuliza.

Akachovya kidole kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi.