Nankatai za Siku ya Mfungo

Kitu cha kwanza alichokiona Revati kilikuwa kidole. Falguni alikuwa amesimama mbele ya friji, simu sikioni, anacheka na mama yake mzazi, na kidole chake cha shahada kilikuwa cha manjano kuanzia ukucha hadi pingili ya kwanza. Haikuwa manjano ya bizari, ambayo hukaa kavu kama vumbi. Ilikuwa ya zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa ya moto. Na zafarani katika nyumba ile ilikaa mahali pamoja tu, rafu ya juu ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulining'inia kiunoni mwa mama mkwe wao, Jasodaben, kwenye ndoano ya fedha aliyoachiwa na mama mkwe wake.

Revati alikuwa mke wa mwana mkubwa kwa mwaka wa tisa sasa. Miaka yote hiyo zafarani alikuwa anapimiwa. Jasodaben hufungua mwenyewe, huchota nyuzi saba au nane, humwekea kiganjani, hufunga. Falguni, mke wa mwana mdogo, alikuwa na miezi kumi na minne tu katika nyumba ile.

"Mama alikufungulia?" Revati aliuliza simu ilipokatwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida yake.

"Alinirushia ufunguo. Alikuwa anasuka nywele." Falguni alilamba kidole. "Akasema chukua utakacho, ila usinimalizie."

Alinirushia. Revati alilirudia neno lile kimoyomoyo.

Mwezi ule wa Mei, Jasodaben alikuwa anajiandaa kwenda kuhiji Dwarka na wanawake wenzake wa mtaa, wiki tano. Treni ingeondoka Nadiad Jumapili jioni. Kabla ya kuondoka angemkabidhi ufunguo mmoja wa wake za wanawe, na kila mtu alijua kwamba ufunguo ukishazoea kiuno hauhami. Atakayeachiwa wiki tano ameachiwa nyumba. Revati hakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipojifungua pacha na kukosa mtu wa kuwabeba. Gazeti alilisoma kwa midomo, neno moja moja. Lakini jiko alilijua, na ufunguo ule ungekuwa cheti chake.

Na ile aiskrimu ambayo Falguni alikuwa akiitilia zafarani ilibuniwa na Revati.

Kiangazi kilichopita, siku moja ya mfungo, Jasodaben alilala sakafuni kwa joto, hataki kula. Kila siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo hakugusa nafaka yoyote, si ngano, si mchele, wala dengu. Alikuwa ameushika mfungo ule miaka thelathini na moja, tangu mwanawe wa kwanza, Bhargav, alipopatwa na homa akiwa na miaka miwili, naye akaweka nadhiri mtoto akipona. Mtoto alipona, akakua, akamwoa Revati. Basi Revati alitumbukiza bakuli kwenye chungu cha barafu na chumvi, akaipiga krimu kwa mkono mpaka ikasimama, akaichanganya na maziwa mazito ya kopo, iliki na pistashio zilizopondwa, akaitia friza. Hakuna mashine ya kuzungusha, hakuna kukoroga tena. Akaoka biskuti nyembamba za unga wa mbegu za mchicha, ambazo mfungaji anaruhusiwa. Aiskrimu ilipoganda aliikata kwa kikombe cha chuma, vipande vya duara, akabana kila kipande kati ya biskuti mbili. Jasodaben alikula viwili akiwa bado amelala. Tangu hapo kila mfungo alimwambia, "Revati, ile yangu."

Kisha Falguni akaingilia na mashine yake ya umeme ya kupigia krimu. Aliongeza zafarani, akaongeza jamu ya waridi, akaweka simu juu ya kopo la chumvi na kujirekodi. Video akaiita Aiskrimu ya Falguni. Watu elfu nne wakaitazama. Jirani alipoisifia mlangoni, Jasodaben alisema, "Mkamwana wangu huyu ana mikono." Revati alikuwa nyuma yao, amebeba ndoo. Chema chajiuza, lakini chake yeye kiliuzwa na mwingine.

Siku hiyo ya kidole ilikuwa Alhamisi. Falguni alikuwa ameamua kuandaa aiskrimu kwa ajili ya Jumapili, siku ambayo wifi yao Kokila angekuja kumuaga mama yake.

"Dada Revati," alisema, akipekua simu kwa kidole kile cha manjano, "hapa wanasema mfungo wa Mama ni Jumamosi. Kwa hiyo Jumapili anakula ngano, siyo?"

Revati alikuwa anamenya pistashio. Alijua haikuwa hivyo. Nyumba ile haikufuata simu, ilifuata hekalu lao, na hekaluni hesabu ilikuwa kali: siku za mwezi mwandamo huanza saa yoyote, na siku ya kumi ikiigusa alfajiri hata kidogo, mfungo husogezwa hadi kesho yake. Asubuhi ile ile, alipopeleka maziwa, kuhani alikuwa amewaambia wanawake barazani. Mfungo ni Jumapili.

Ilitosha kusema neno moja. Lakini alikitazama kile kidole, akainamisha kichwa.

Alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumdai jibu. Walimwonea huruma kwa haya zake, nazo siku hiyo zilimfaa kama pazia.

"Basi vizuri," Falguni alisema. "Nitaoka nankatai, biskuti za ngano na samli. Zile zako za mchicha, usinichukie Dada, zinamumunyuka mkononi kama udongo."

Jumamosi Jasodaben alishinda Petlad kwa dada yake, akarudi jua limekwisha tua. Hakuna aliyeona amekula nini. Falguni alioka nankatai zake, nyumba nzima ikanukia samli na iliki, na Revati akamsaidia kuzipanga, akijiambia hakuna baya litakalotokea. Mama angeuliza ni unga gani. Falguni angejibu. Mama angesukuma sahani pembeni, na kila mtu angeona ni nani anayeijua nyumba hii na ni nani mgeni. Hilo tu. Aibu ya dakika moja.

Jumapili saa nne asubuhi, wifi Kokila alikuwa ameshakaa kwenye bembea ya sebuleni, miguu juu, anajipepea kwa gazeti. Jasodaben alikuwa chini kati ya mabegi, anakunja sari. Tangu alfajiri alikuwa amekula ndizi moja na maziwa. Falguni aliingia na sinia, simu mkono wa pili.

"Subirini kidogo, mwanga."

"Katika nyumba hii mtu hali mpaka simu ishibe," alisema Kokila. "Revati, wewe unasemaje? Au bado? Maana ukisema neno kabla ya adhuhuri, mvua itanyesha."

Revati alitabasamu akitazama sakafu.

"Mwache mwenzio," alisema Jasodaben. Alichukua kipande kilichokuwa juu, akakigeuza. Aiskrimu ilikuwa ya rangi ya jua la jioni, na nankatai zilikuwa za kahawia, kahawia ile ile ya mchicha uliookwa. Revati akasubiri swali.

Jasodaben hakuuliza. Na kwa nini aulize? Mwaka mzima, siku ya mfungo, vitu hivi vilimfikia kutoka jikoni vikiwa vya mchicha. Alimwamini Revati kiasi kwamba hakuwa na haja ya kumkumbuka.

Akafumbua kinywa.

Hapo ndipo Revati alipoiona nadhiri ilivyokuwa. Aliona kitanda cha mtoto wa miaka miwili mwenye homa, na mtoto huyo alikuwa mumewe.

"Mama, usile. Ni ngano."

Ilitoka kubwa mno. Bembea ilisimama. Jasodaben alibaki na mkono hewani, na tone la manjano lilishuka hadi kwenye bangili zake.

"Imenigusa mdomo?" aliuliza taratibu.

"Haijagusa, Mama. Nilikuwa natazama."

Jasodaben alikiweka chini, akajifuta vidole kwa pindo la sari, mara mbili, kimoja kimoja. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Lakini mfungo ulikuwa jana," alisema Falguni. "Simu imeandika..."

"Simu yako inasali hekalu gani?" Kokila aliuliza. "Wanawake wasomi hawa. Miaka thelathini na moja ya mama yangu ingeishia kwenye video."

"Mimi nilimu..." Falguni alianza, akamgeukia Revati. Revati aliona neno likija. Aliona pia likirudi. Falguni akamgeukia Jasodaben. "Nimekosea, Mama. Sikuuliza vizuri. Nisamehe."

Jasodaben hakumfokea. Ingekuwa afadhali. Aliitazama aiskrimu kwenye sinia ikianza kulegea, kisha akapeleka mkono kiunoni, akaichomoa ndoano ya fedha, akamwita Revati kwa kichwa.

"Njoo. Aliyeulinda mfungo wangu atalilinda kabati langu."

Akaichomeka mwenyewe kwenye sari ya Revati, upande wa kushoto. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na baridi. Kokila alipiga kofi moja. "Mwenye kimya kameza nyumba," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alimwambia Revati maneno ya sifa.

Revati alikuwa ameiwaza siku ile mara nyingi. Katika mawazo yake alikuwa akilia kwa furaha. Sasa alitaka tu kutoka pale.

Jikoni alimkuta Falguni anakwangua aiskrimu kutoka kwenye sahani na kuirudisha bakulini, polepole, ingawa ilikuwa haifai tena kugandishwa. Simu ilikuwa juu ya kopo la chumvi, imelazwa kifudifudi. Kidole kilikuwa bado na umanjano kidogo kwenye ukingo wa ukucha.

"Dada," alisema bila kugeuka, "ungenyamaza leo, ningeishi vipi humu ndani? Wangesema kila homa ya Bhargav ni mimi. Umeniokoa. Asante."

Angeweza kuinamisha kichwa. Ingetosha, ingepokewa, na ufunguo ungebaki pale ulipo. Kila alipopumua aliusikia ukigonga mfupa wa nyonga.

Revati aliichomoa ndoano, akaiweka kwenye meza ya kukatia, kati ya bakuli na simu.

"Alhamisi uliponiuliza, nilijua," alisema. "Kuhani alikuwa ametuambia asubuhi ile. Nilinyamaza makusudi, Falguni. Nilikuonea wivu. Miaka tisa niko hapa, na mimi sijawahi kurushiwa ufunguo."