Mkwe wa Bi Dalal Apasuliwa Ngiri

Siku wazee wa Zahran walipokwenda kumposea Badriya, mama wa msichana, Bi Dalal, aliuliza swali moja tu: kijana anavuta sigara? Wazee wakaapa kwamba hajui hata kuishika. Zahran mwenyewe wakati huo alikuwa kichochoroni, anamalizia ya tatu.

Miaka kumi na tisa alikilinda kiapo hicho kwa kila hila. Alivutia darini, juu ya duka lake la vitambaa mtaa wa Mlandege, akatafuna karafuu, akajifukiza udi mpaka majirani wakamsifu Badriya kwa kumtunza mume. Badriya akavimba kichwa. Zahran akaona haya, kisha akawasha nyingine.

Basi ngiri ikamshika. Kabla ya kupasuliwa, muuguzi Nadra alimuuliza kama anavuta. Mkewe yuko kulia, mkwewe kushoto. Zahran akajibu kuwa havuti, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Operesheni ikaenda salama. Maumivu ndiyo yaliyogoma kwenda. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye ngiri kama yake, alichomwa sindano akalala akikoroma. Zahran alichomwa hiyo hiyo, akabaki anauma ncha ya shuka. Alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, ukoo mzima ukamzunguka na chupa za uji. Nadra akaja na faili lake, kachoka kubahatisha.

"Nakuuliza tena, Bwana Zahran. Wavutaji aghlabu huumia zaidi baada ya kupasuliwa, na dozi ya kawaida huenda isiwatoshe. Tukijua, daktari atajua la kufanya."

Zahran akamtazama mkwewe. Alimwogopa kuliko kisu. Lakini kidonda kikapiga tena, na hofu yote ikamtoka.

"Nnavuta," akasema. "Pakiti nzima kwa siku. Tangu kabla ya posa."

Daktari akaitwa, dawa ikapangwa upya, na haukupita muda Zahran akajihisi mwepesi kama pamba. Mdomo nao ukafunguka. Bila ya kuulizwa akataja maficho yote: ndani ya jora la kitambaa cha mabuibui, ndani ya cherehani mbovu, ndani ya kasha la vifungo. Badriya alijitahidi kununa, kicheko kikamponyoka, akajifunika uso kwa mtandio.

"Umeona bora uteseke kuliko mie nijue," akamwambia, na sasa alikuwa analia kidogo.

Bi Dalal peke yake hakucheka. Wote wakangoja radi. Bibi akamsogelea Nadra, akamuuliza kwa mnong'ono uliosikika wodi nzima:

"Na mtu anayepasuliwa mwezi ujao, akiacha sigara leo, atawahi?"

Nadra akasema kila siku ina faida yake, na leo ni bora kuliko kesho. Badriya akamgeukia mama yake, akataka kujua nani huyo anayepasuliwa.

"Mie," akasema Bi Dalal. "Nna mawe kwenye nyongo."

Zahran alicheka mpaka Nadra akalazimika kumshikia mshono.