Kopo Lililojibu Kabla ya Kuulizwa

Injini ilikuwa ya gari aina ya Noah lililopinduka njia ya Ushirombo. Bujiku aliinunua pamoja na nyaya zake, akaifunga juu ya magogo kando ya duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu nje kidogo ya Segese, izungushe feni. Feni ilisukuma hewa kwenye bomba la plastiki, na bomba likashuka mita arobaini hadi kwa aliye chini. Bila hewa hiyo mtu hamalizi saa.

Tabu ilikuwa kompyuta ya injini. Ilitafuta gia, ikakosa, ikatafuta mwendo wa matairi, ikakosa, ikaizima injini. Mafundi wa Segese wakanyoosha mikono. Ndipo Bujiku akapewa namba ya Ignas, fundi wa Dar es Salaam anayetengeneza kompyuta za magari kwa mtandao. Wewe unachomeka kifaa na simu, yeye anakutumia programu akiwa amekaa kwake.

Meseji aliandika Limi, mdogo wake wa kike Bujiku, kwa kuwa yeye alifika darasa la tano na kaka yake hakufika popote. Ignas aliuliza: Gari inatembea?

"Mwambie inatembea," alisema Bujiku. "Akijua ni ya duarani atatukimbia."

Limi akaandika: Inatembea.

Programu ikaja. Injini ikawaka na haikuzima tena. Moshi mweusi nao ukakata, hata majirani wakaja kutazama.

Siku ya tatu Bujiku akafungwa kamba kubwa ya winchi kiunoni, akashuka kupigilia magogo ya kuzuia ukuta. Onesmo, mtu mzima mwenye mzaha, alishika winchi. Limi alikaa na injini, na kamba nyembamba ya kuulizana, iliyopitishwa kwenye fremu ya injini, kila ncha ina kopo la kokoto. Ukivuta mara tatu umeuliza hali. Mwenzako akivuta tatu amejibu mzima. Nne ni nitoe.

"Shemeji wa kwenye simu hajapiga leo?" Onesmo alimchokoza.

"Kaka Onesmo, niache bwana," Limi alisema, akaficha uso kwa kanga.

Jua lilipopita utosi, upepo ukageuka. Kichwa kilianza kumgonga Limi, akadhani ni njaa. Akavuta tatu. Kopo likalia tatu. Baadaye akavuta tena, tatu. Akatulia.

Mara ya tatu alinyoosha mkono, na kabla hajagusa kamba, kopo likalia. Tatu.

Kaka amenitangulia, alijisemea. Akarudisha mkono mapajani. Kitambo kidogo, kopo likalia tena. Tatu. Kisha tena, kwa nafasi ileile, kwa nguvu ileile. Mtu hajibu hivyo. Mtu huchelewa, hukosea, huvuta kwa hasira.

Akampigia Ignas, kifaa kikiwa bado kimechomekwa.

"Naiona hapa, dada. Joto zuri, mzunguko mzuri, hakuna kasoro hata moja. Gari yako ina afya kuliko yangu!"

"Na kule chini?"

"Chini wapi? Chini ya gari?"

Limi akasema ukweli. "Si gari. Ni injini ya duara. Kaka yangu yuko chini, anavuta hewa yake."

Ignas akauliza kwa sauti nyingine kabisa: "Moshi unaelekea wapi?"

"Hauonekani."

"Hata usioonekana unaua. Mimi huku naona namba tu, dada. Upepo siuoni. Nenda kwenye feni!"

Limi akapeleka kiganja mbele ya mdomo wa feni. Hewa iliyokuwa ikinyonywa ilikuwa ya moto, ikitoka kwenye ekzosi ya injini. Akashika fremu: injini ikatetemeka mara tatu, ikatulia. Kopo nalo likalia tatu.

Akazima.

Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Limi akavuta kamba mara tatu. Akasubiri. Kopo halikusema kitu.

"Kaka Onesmo, zungusha!"

"Mbona hajaomba?"

"Zungusha!" Hakuwa amewahi kumpigia kelele mtu aliyemzidi umri. Onesmo hakuuliza la pili. Limi akashika mkono wa pili wa winchi, wakavuta, na uzito uliopanda ulikuwa uzito wa gunia, usiojishikilia.

Bujiku alitokeza kichwa kikiwa kimelala begani, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kucheka. "Mayu wane!" Onesmo alimwita mama yake kwa kunong'ona. Wakamlaza palipo na upepo, wakamfungua shati, wakamwita. Akachelewa kuitika. Kisha akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

"Nilivuta nne," alisema, ulimi mzito. "Kwa nguvu zilizobaki. Ukanijibu tatu."

"Sikusikia nne, kaka. Wala sikukujibu."

"Nikavuta tena. Tatu. Nikajua umesikia, ndiyo maana nikasubiri." Akamtazama Limi. "Sasa nilikuwa nazungumza na nani?"

Limi akaitazama injini. Onesmo akakimbia kutafuta pikipiki. Limi akaweka kiganja kifuani pa kaka yake, kikawa kinapanda na kushuka, mara haraka, mara taratibu, bila mpango. Walipopakiwa mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, kwenda zahanati, alikaa nyuma ya kaka yake, akapitisha mkono kwapani, akakirudisha kiganja palepale. Dereva alimwambia ashike chuma asije akaanguka. Hakukiondoa kiganja.