Kigarimoshi cha Shaba Chapata Sauti

Fundi redio alipoomba kukifungua kigarimoshi cha shaba, baba wa mumewe alikikumbatia kama mtoto mchanga. Mzee alikuwa ameendesha treni za mvuke mpaka alipostaafu.

"Shaba yote hii inapitisha umeme, mwanangu. Utaniunguzia."

"Ndiyo maana nitaikinga mota isiguse bodi, baba. Niamini."

Mzee alikubali shingo upande. Fundi akaitenga mota kwa plastiki, akaunganisha saketi ndogo ya kukiongozea, na spika akaificha ndani ya kibehewa cha makaa. Kisha akampa mzee rimoti.

Mzee akabonyeza. Kigarimoshi kikaondoka taratibu, kikihema sawasawa na mzunguko wa magurudumu. Kilipopiga honi, mkono wa mzee ulipanda wenyewe hewani, ukitafuta kamba ya honi aliyozoea kuivuta kwenye treni.

Fundi aliuona mkono ule.

Jirani alipochungulia mlangoni, mzee alimvuta ndani. "Keti usikie. Kijana wangu alidhani ameoa mke tu, kumbe ametuletea fundi."

Fundi hakujifanya kuona haya. "Ongeza mwendo, baba," akasema, "asikie kinavyohema kama kinapanda mlima."